Punguza Upepo

Pantoni ilipotutema ng'ambo ya Malagarasi
Gwimo alisimamisha magari yote matatu,
akashuka na kipimo cha tairi mfukoni mwa shati:
"Punguzeni upepo."
Wageni wakaligeukia ziwa. Limelala, hata unyasi hautikisiki.
"Wa matairi," nikasema, nikapiga goti,
nikazitoa pumzi moja baada ya moja, fsss,
kumi na mbili.
Mchanga wa huku haumpokei aliyejaa.

Mimi si dereva. Kazi yangu kutangulia.
Kwenye kila mdomo wa mto navua viatu,
nashika fimbo, naingia.
Maji ya goti: mkono juu, njooni na gia ndogo.
Maji ya paja: mkono kifuani, legezeni kwanza mkanda wa feni.
Maji ya kiuno: narudi bila neno,
na Kashindi anateleka chai.
Lugufu naijua kwa mbavu. Vijito vingine
sivijui hata majina, navijua kwa baridi.

Radio upepo ilikoroma siku nzima:
"Gari la pili, gari la pili, shika mkono wa ziwa."
"Ziwa lipi tena? Liko pande zote!"
Huyo ni bwana wa Dodoma, aliyegombana na mkewe
tangu Uvinza, kisa ramani.
Ramani ya simu ilikuwa na barabara, nyeupe, imenyooka,
na kitone cha buluu kikitambaa juu yake bila wasiwasi;
sisi tuko kilimani, bampa limejaa majani,
tunatazama chini inakopita barabara hiyo:
maji, ya kijani kama chupa,
na vichwa vya michikichi sita
vimetoka nje kuvuta hewa.

Jioni tukashuka Lubengele. Yaani, palipokuwa Lubengele.
Kashindi akainjika mgebuka kwa mawese.
Daktari Nshoma, wa meno, wa Mwanza,
akataka hema lake lilale karibu na maji.
Kigingi kikagoma. Akapiga tena. Kikapinda.
"Hapa kuna jino," akasema, akacheka peke yake.
Nikafukua mchanga kwa kiganja:
saruji, rangi nyekundu, na ufa
mrefu, mwembamba, umepinda kidogo katikati,
ule ule ambao shangazi Nyabunyoni aliuita Tanganyika.
"Fagia vizuri," alikuwa akiniambia, "usiniachie taka ziwani."
Kila masika ulirefuka kidole.
Tulidhani ni nyumba inazeeka.

"Sogeza hatua nne," nikamwambia daktari,
"kule ni mchanga mtupu."
Kule ndiko kulikuwa na jiko.
Akalala vizuri; alikoroma.
Shangazi sasa yuko juu, nyumba imelipa ziwa mgongo,
na mtu akimimina maji ndooni kwa kishindo humkaripia.
Mimi nilikaa barazani usiku kucha,
futi tatu za baraza zilizobaki nchi kavu,
nikitazama taa za dagaa zikijipanga mbali,
na sikumwambia mtu.

Asubuhi: mwamba mbele, mlima kushoto.
Gwimo akanitazama. Nikavua viatu.
Kuta za matofali mabichi ziliyeyuka zamani,
lakini mguu haukusahau.
Barazani, kifundo. Sebuleni, goti.
Chumbani alikofia mjomba, goti na vidole viwili.
Mlango wa nyuma bado ni mlango,
visamaki vya milia vinautumia.
Nikapandisha mkono.

Yakaja, moja, mawili, matatu,
polepole, na upepo wao mdogo,
yakapita katikati ya nyumba kwa adabu ya wageni
ambao hakuna aliyewaambia ni nyumba.
Hodi nilikwisha kupiga mimi,
kwa fimbo, majini, mara tatu.